Mtani Wangu na Njia ya Baiskeli

Toma alipopiga simu nilikuwa uani napeta mchele, redio ikisoma matangazo ya vifo, ambayo siku hizi nayasikiliza kwa makini kuliko taarifa ya habari. "Shikamoo, mama," ikasema sauti ya kijana nisiyemjua. "Marahaba. Nani mwenzangu?" "Mimi Toma, mama, wa Mikumi. Mtoto wa Gaspari." Nikauweka ungo chini kabla hajaendelea, maana watoto wa Gaspari hawakuwahi kunipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akapumzika. Baba yao alikuwa amefariki alfajiri. Wangezika kesho kutwa, huko huko Mikumi. "Alituachia neno moja tu kuhusu msiba wake," kijana akasema. "Alitaka mtani wake aje. Alisema, 'Mtafuteni Zaituni, Mnyamwezi wangu wa Kilosa. Asipokuwepo, msinizike.'" Kisha akacheka kidogo, kwa adabu, akingoja nami nicheke. Nikacheka. Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikarudi kwenye mchele wangu na kukuta nimemwaga uliopetwa pamoja na pumba.

Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita Kilosa na mizigo ya watu kichwani na kuomba maji kwa wenyeji. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaruhusiwa kukunyang'anya kitoweo mdomoni. Ukifa, yeye ndiye anayevaa koti lako na kuigiza ulivyokuwa ukitembea, na anaweza kuzuia jeneza lako njiani mpaka wafiwa wamtoe kwa chochote. Kinachokatazwa ni kimoja tu, nacho kinamhusu anayetaniwa: asinune. Mtani hanuni. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nimewaambia wanangu, nimewaambia na wanafunzi wangu darasani wanapogombana. Lakini mimi mwenyewe nimemnunia Gaspari tangu ujana wangu hadi leo mvi zimenijaa, na sikuwahi kuruhusiwa kumwonyesha.

Mambo yote yalikuwa ya mwaka mmoja, ule wa kwanza na wa mwisho wangu pale chuoni. Kilikuwa tawi la chuo kikuu, kimepandikizwa nje ya mji wa Kilosa kwenye shamba la mkonge lililokufa. Sisi tulikiita Mkongeni. Mabanda ya mashine yalikuwa yamepigwa chokaa yakawa madarasa, nyumba za manamba zikawa mabweni, na ofisi ya meneja wa shamba ikawa ofisi ya mkuu wa tawi. Mle ndani mlikuwa na zulia jekundu na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Kutoka getini mpaka madarasani palikuwa na barabara ndefu iliyonyooka, misaji huku na huku, nzuri ya kupiga picha. Magari ya walimu yalipita humo. Baiskeli hazikupita. Kwenye nguzo ya geti walikuwa wamepigilia kibao: BAISKELI MWISHO HAPA. Sababu tuliambiwa siku ya kukaribishwa, na mkuu mwenyewe, akiwa amesimama kwa suti katika joto lile: chuo kikuu si gulio, na hakutaka wageni wafike wakute baiskeli zimeegeshwa kila ukuta kama siku ya mnada. Wengine walipiga makofi. Walikuwa wale wa bwenini.

Mimi nilitoka Masanze, kwa shangazi yangu. Vitanda vya bweni vilikuwa vichache na mimi sikuwa na njia ya kulipia, kwa hiyo baiskeli ndiyo iliyokuwa bweni langu. Ilikuwa ya chuma, nzito, yenye keria pana ya kubebea gunia, na niliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Nilitoka adhana ikilia, nimejifunga kanga juu ya sketi, daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Kiangazi mchanga ulishika magurudumu, masika tope likashika kila kitu. Nikifika getini, Mzee Chande mlinzi alikuwa ananisubiri. Alinyoosha fimbo yake kuikinga njia na kusema maneno yale yale: "Shuka. Kokota. Acha hapo." "Hapo" palikuwa uwanja mtupu kando ya seng'enge, juani. Ukirudi jioni kiti kinaunguza, tairi limepasuka kwa joto, au kengele haipo. Kisha utembee ile barabara ya misaji kwa miguu huku magari yakikutimulia vumbi, uingie darasani umechelewa, mwalimu akuulize kama umetoka shambani. Tulikuwa wengi wa kutwa tuliokuja hivyo, kutoka Masanze na hata upande wa Mvumi, na kila mwezi tulipungua. Msichana niliyekuwa nikikaa naye benchi moja aliacha baada ya kuibiwa baiskeli yake. Hakuaga, kiti chake tu kikawa wazi, na nikajua kuwa yangu ikienda, nami nitakwenda nayo.

Gaspari nilimjua kantini, wiki ya kwanza. Nilikuwa nimekaa na sahani ya wali na kipande kimoja cha nyama nilichokuwa nakihifadhi mpaka mwisho, mkono ukatokea begani mwangu ukakichukua. Nikageuka nikakuta kijana mwembamba, mrefu, meno meupe, anatafuna. "Mpagazi," akasema, "nimelisikia jina la ukoo wako kwenye mahudhurio. Mzigo umeutua wapi?" Kantini nzima ikageuka kuona nitafanya nini. Nikamwambia, "Msagara, nyinyi si mlikuwa mnajificha milimani mpaka msafara upite? Leo nani kakushusha uje kuiba nyama ya watu?" Watu wakacheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Tangu siku hiyo tukawa wawili. Nilikuwa mgeni pale, na mtani mahali pa ugeni ni ndugu usiyelazimika kumtafuta. Yeye alikuwa wa Mikumi, alilala bwenini, hakuwa na baiskeli wala shida ya baiskeli. Hilo nililichukulia kuwa ndio wema wake: kwamba alijali jambo lisilomuuma.

Njia niliiona mimi. Siku moja mvua ilikuwa imekata barabara kubwa, nikazunguka nyuma ya uzio wa chuo kutafuta pa kupita, nikajikuta nimepanda tuta lililofunikwa na majani. Lilikuwa bapa, gumu, limenyooka. Nilipouliza niliambiwa kuwa ndipo ilipopita reli ndogo ya mkonge, ile ya vitoroli vilivyoleta majani mashineni. Vyuma viling'olewa zamani vikauzwa, tuta likabaki. Lilitoka upande wa Masanze likapita nyuma ya mabweni mpaka ukuta wa maktaba, bila kuigusa barabara ya misaji hata kidogo. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Gaspari. Kilikuwa chumba cha manamba, vitanda vinne na dirisha la ukubwa wa sinia, kinanuka mafuta ya taa na soksi. Nikamweleza huku nimesimama mlangoni, maana msichana hakuruhusiwa kuingia. Akachukua mkaa akachora ukutani: tuta, geti dogo la nyuma, banda la kuegeshea baiskeli lenye nguzo za milingoti ya mkonge na paa la nyasi, njia ya kuingia madarasani. Wageni wa mkuu wasingeona hata gurudumu moja. Tukacheka kwa furaha. "Mnyamwezi," akaniambia, "kumbe kichwa chako kina kazi nyingine zaidi ya kubebea mizigo."

Mkuu alitusikiliza akiwa anatia saini karatasi zake. Akasema, bila kuinua macho, "Safisheni kwanza. Tukiona mko makini, nitalipeleka kwenye baraza la chuo." Tukaenda kusafisha. Kila Jumamosi tulikuwa pale na mapanga na majembe, watu wa kutwa wote, na baadaye hata wa bwenini kadhaa. Tuling'oa visiki, tukachimba mifereji ya maji pembeni, tukashindilia changarawe kutoka mtoni. Nina kovu kwenye kifundo cha mguu la jani la mkonge, linawasha hadi leo hali ya hewa ikibadilika. Gaspari alikuwa hodari wa kuimbisha. Alikuwa anashika jembe muda mfupi, kisha anasimama juu ya kisiki anatunga nyimbo za kututania mmoja mmoja, nasi tunafanya kazi mara mbili kwa sababu ya kucheka. Sikuliona hilo kuwa tatizo. Katika kila kazi ya watu wengi lazima awepo wa kuimbisha.

Baadhi ya Jumamosi nilimpakia kwenye keria nikaenda naye Masanze kula. Shangazi alikuwa na jiko la mafiga nyuma ya nyumba, na meza aliyoitoa tu kwa ajili ya mgeni. Gaspari alimwamkia kwa heshima zote, magoti karibu yaguse chini, "Shikamoo, shangazi," akangoja "marahaba" yake, halafu ndipo akaanza: kwamba chungu hiki kiliibwa kwa Wasagara, kwamba ugali wa Kinyamwezi unafaa kujengea choo. Shangazi alimrushia maganda ya viazi. Tulikula kunde za nazi, na kambale wa kukaushwa akipatikana, na Gaspari alimaliza akafuta sahani kwa kidole. Jioni moja, wakati anapampu tairi uani, nilimsikia shangazi nyuma ya ukuta wa matete akiongea na jirani yake. "Mtani mzuri," alisema, "ana mdomo. Ila mwangalie. Wenzake wakishatania hucheka. Yeye akishatania hukutazama kwanza, aone kama imeuma." Jirani akasema vijana wa siku hizi wana macho. Nami nilijiambia kuwa shangazi anazeeka, nikamletea Gaspari maji ya kunawa.

Uchaguzi wa wanafunzi ulipokuja, Gaspari aligombea urais, na alishinda kwa njia yetu. Alizunguka mabweni yote juu ya baiskeli yangu, akipiga kengele, watoto wa wafanyakazi wakimkimbilia nyuma, akipaza sauti kwamba Gaspari akipita na baiskeli zitapita. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Baada ya hapo akaanza kuitwa ofisini kwa mkuu, mwanzo kwa dakika chache, baadaye kwa chai. Nilipita chini ya dirisha nikasikia vikombe. Alipata shati jipya, kisha viatu. Jumamosi akawa na vikao. Nilimtania kwamba zulia jekundu limemnasa miguu, akacheka, akasema, "Mpagazi, mzigo mkubwa huinuliwa na aliye karibu nao." Nikaona amesema kweli. Tuta lilikuwa limekwisha, jeupe, safi, na nguzo za banda zilikuwa zimesimama zikisubiri nyasi. Kilichobaki ni baraza la chuo kusema ndiyo na Mzee Chande kupewa ufunguo wa geti la nyuma.

Baraza lilikutana Mikumi, kwenye hoteli yenye bustani, mahali ambapo wazee wa baraza wangeweza kuona wanyama baada ya kikao. Wanafunzi tuliitwa wawili, mimi kueleza na Gaspari kama rais. Tulikwenda kwa gari la chuo, na nilikuwa nimevaa gauni la shangazi lililopunguzwa kiunoni. Njia nzima Gaspari alitazama nje ya dirisha, nikadhani anaogopa kama mimi. Ukumbi ulikuwa na mapazia mazito, meza zimevikwa vitambaa vyeupe, na pembe za mnyama juu ya mlango. Tulilishwa kabla ya kikao: mbuzi wa kukaanga, wali uliotiwa viungo, kachumbari, soda baridi. Sikuwa nimewahi kula nyama nikaibakiza. Nilikwenda kunawa, na bomba lilikuwa nyuma ya kizuizi cha mbao, upande wa pili wa veranda. Nikamsikia mkuu akisema, "Na yule binti je? Hatatuletea zogo?" Nikamsikia Gaspari akijibu, kwa sauti yake ya kuimbisha, "Yule niachieni mimi, mheshimiwa. Ni mtani wangu. Hatanuna." Nilifunga bomba. Nilisimama nimeshika sabuni, na Mungu ni shahidi wangu, nilitabasamu. Nilidhani ananitetea. Nilidhani anamwambia mkuu kwamba mimi ni mtu wa kuelewana naye. Nikarudi mezani, na alipoomba aanze yeye kuzungumza, nikamwachia, maana ndivyo tunavyofanya: mtani hukutangulia, akakupasha watu joto kwa maneno, ndipo useme lako.

Alisimama, akafunga kifungo cha koti ambalo sikujua amelipata wapi. Akawashukuru wazee. Kisha akasema kwamba ni wajibu wake kama rais kusema ukweli: wanafunzi walio wengi hawakuhitaji njia ya baiskeli. Walihitaji chuo chenye hadhi. Lile tuta, sasa limesafishwa bila chuo kugharamika, lingefaa sana kuwa barabara ya magari kutoka nyumba ya mkuu kwenda ofisini, na lile banda lingefaa kuyakinga magari hayo na jua. "Hii habari ya baiskeli," akasema, akanigeukia, na sasa lile jicho la kupima nililiona kwa mara ya kwanza, "waheshimiwa, naomba mnisaidie. Hii si hoja ya wanafunzi. Ni hoja ya watani zangu. Mnyamwezi na baiskeli, nani asiyejua? Ukitaka mke kwao, ng'ombe wanakataa, wanataka baiskeli. Huyu hata mkimpa gari atauliza keria iko wapi. Na mkimkatalia gari na baiskeli, atachukua maktaba yote aibebe kichwani mpaka Tabora!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mkuu aligonga meza kwa kiganja. Kazi yetu ya miezi yote ile, visiki na changarawe na kovu langu, msichana aliyeacha kiti wazi, vyote viligeuka kichekesho cha kabila moja.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno niliyoyakariri tangu Masanze, nikayatafuta yote yakanikimbia, nikabaki na moja. "Anadanganya," nikasema. Mwenyekiti wa baraza, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile iliniumiza kuliko kicheko. "Binti," akasema, "mtani hanuni. Keti." Nikaketi. Ningefanya nini? Kama angenitukana mtu baki, ningelia na wangeninyamazisha. Kama angesema uongo mtu baki, ningembishia. Yeye alichukua kitu pekee ambacho mimi na yeye tulikuwa nacho pamoja, kile kilichonifanya nimpakie kwenye keria na kumlisha kwenye nyumba yetu, akakitumia kunifunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na huyu nilimfungulia nguo mwenyewe nikamkaribisha. Wakati wa kurudi alikaa mbele na dereva. Tulipopita kijiji cha Ulaya akageuka akaniambia, "Umekasirika, mpagazi?" Dereva alikuwa anasikiliza. Nikasema hapana.

Yaliyofuata ni mepesi kuyasimulia. Tuta likamwagiwa kifusi, magari yakapita. Banda likaezekwa bati na si nyasi, na chini yake gari la mkuu likapumzika kivulini. Sisi tukarudi kwenye seng'enge, juani, na sasa Mzee Chande alisema "acha hapo" kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Jumamosi za kazi zilikwisha, na watu wa kutwa wakaanza kunikwepa, kana kwamba mimi ndiye niliyewafyekesha njia ya mkuu. Katikati ya masika, siku ya mtihani, nilitoka darasani nikakuta baiskeli yangu haipo. Palikuwa na alama ya gurudumu kwenye tope, ikaenda mpaka lami ikapotelea hapo. Nilijaribu kwa miguu siku kadhaa. Nilifika mtihani mmoja umekwisha kukusanywa, mwingine sikufika kabisa. Shangazi aliondoa ile meza ya wageni akaanikia mahindi. Gaspari alimaliza chuo vizuri, akaajiriwa palepale ofisini kwa mkuu, akapanda, na alipohamia Mikumi kujenga alikuwa mtu wa kuitwa mheshimiwa.

Mimi nilisoma baadaye sana, kwenye chuo kingine cha ualimu, nikiwa na mtoto mgongoni, na sijutii kazi yangu. Na kwa miaka yote, tulipokutana kwenye harusi au sokoni, Gaspari alinyoosha mikono kutoka mbali na kupaza sauti, "Mpagazi wangu! Mzigo umeutua wapi?" Watu waligeuka wakitabasamu, wakisubiri jibu langu. Nilimjibu. Nilimwita mwizi wa nyama, nilimwita nyani wa milimani, watu wakacheka, naye akanitazama kwanza, halafu akacheka. Hata mara moja hatukuwa wawili peke yetu. Sasa naamini alihakikisha hivyo.

Nilifika Mikumi kwa basi la asubuhi. Nyumba yake iko nyuma ya barabara kuu, ukuta mrefu, geti la chuma jeusi, na malori ya Iringa yalikuwa yanasikika mpaka chumbani alikolala. Wanawake wa msiba walinipokea kwa vigelegele vya chini chini, "Mtani kafika, mtani kafika," wakanikabidhi koti lake, kofia yake na fimbo yake. Koti lilikuwa linanuka yeye. Nililivaa. Nikatembea uani kama alivyotembea, kifua mbele, nikinyoosha mikono: "Mpagazi wangu!" Watu walioshinda wakilia wakacheka mpaka wakashika matumbo, mjane naye akiwemo, nikaona raha yao, nikajua ndiyo kazi niliyoitiwa. Lakini kando ya ukuta palikuwa na baiskeli ya jirani mmoja, ya chuma, ya keria pana. Walipoinua jeneza kulitoa, niliikokota nikaiweka kukinga geti, nikanyoosha fimbo.

"Simameni hapo!" nikasema. "Mnapeleka wapi mzigo huo?"

"Tunamzika mtani wako!" wakajibu wabebaji, tayari wanacheka.

"Hapa hapapitwi. Mwisho hapa. Shusheni. Kokoteni."

Kicheko kikapanda. Sikukingoja kishuke. Nilisema kwamba huyu mliyembeba alitufyekesha njia, tukang'oa visiki, kisha akaigawa kwa wenye magari. Nilisema alikula kwa shangazi yangu akafuta sahani. Nilisema aliniuza mbele ya baraza, katika mji huu huu, na malipo yake yalikuwa koti na kiti ofisini. Nilisema masomo yangu yaliishia getini, kwenye tope, na hakuwahi kuja kuniambia pole. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilipokewa kwa kelele za furaha. Nikasikia sauti yangu inapasuka. Machozi yakanitoka, yale yaliyochelewa tangu ule ukumbi wenye pembe, nikalia nimeshika usukani wa baiskeli ya mtu. "Muoneni mtani anavyojua kulia!" mama mmoja akapaza sauti, na wakapiga makofi, kwa sababu kilio cha uongo nacho ni kazi ya mtani, na mimi nilikuwa nakifanya vizuri kuliko wote waliowahi kuwaona.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Gaspari alisema asizikwe mpaka nije. Alikuwa anajua alichofanya. Alikijua maisha yake yote, na alitaka kisemwe kabla hajafukiwa, ila alitaka kisemwe mahali ambapo hakuna atakayekisikia. Aliungama kwa mdomo wangu, bure, na kicheko kikamfunika tena kama siku ile ya baraza, hapa hapa Mikumi. Mdogo wake akaja akanitia kitu mfukoni mwa lile koti, ndiyo desturi, na mtani akishatolewa sharti aondoke njiani. Nikaisogeza baiskeli. Jeneza likapita.

Baada ya mazishi, wakati tunanawa mikono, Toma alinifuata. Ana meno yale yale ya baba yake, na uso mwema ambao sijui ameutoa wapi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, asante sana," akasema. "Umetuchekesha msiba ukawa mwepesi. Baba angefurahi."

"Toma, mwanangu," nikamwambia, "sikuwa nachekesha."

Akanitazama kidogo, akacheka tena.